Kabla Bahari Haijapanda Port Blair

Jumapili ya tarehe 26 Desemba 2004, saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa saa za India, ardhi ilitikisika chini ya bahari karibu na Sumatra. Wakati huo, katika hoteli moja ya Port Blair, makao makuu ya visiwa vya Andaman na Nicobar, Bharathi Prasad alikuwa hewani na redio yake. Hakuwa askari wala mtumishi wa shirika la misaada, na hakuna aliyemlipa. Alikuwa mwanaridhaa wa redio kutoka Delhi, aliyefika visiwani wiki chache kabla pamoja na wenzake wa taasisi ya taifa ya redio ya ridhaa yenye makao Hyderabad. Lengo lao, kwa asiyeijua shughuli hiyo, lingeonekana la kitoto: kuwapa wenzao wa dunia nzima nafasi ya kusema kwamba wamewahi kuzungumza na Andaman. Bahari ilipopanda, umeme na simu vikakatika, na bara la India liko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo. Kituo chake kikahamishiwa nje ya jengo, na mchezo ukageuka kazi: majina ya waliosalimika, watalii waliokuwa wakitafutwa na jamaa zao, mahitaji ya viongozi wa visiwa, vyote vikapita kwenye kipaza sauti kimoja. Wenzake wakapelekwa Car Nicobar, ambako kambi ya jeshi la anga ilikuwa imesombwa, wakafungua kituo kingine.

Kisa hiki husimuliwa kama bahati, na wanaokisimulia hivyo wanapoteza sehemu yake muhimu kuliko zote. Shughuli ya redio ya ridhaa haikuwa imeruhusiwa Andaman tangu 1987. Visiwa hivyo viko mpakani, vina kambi za kijeshi, na serikali ya India iliona hatari kumwachia raia yeyote mtambo wa kurusha sauti ng'ambo. Bharathi Prasad aliomba kibali kwa miaka mingi. Kilipotoka, zilibaki wiki chache tu kabla ya mawimbi. Lau ofisa mmoja angeliahirisha faili lile hadi mwaka mpya, kama faili nyingi zinavyoahirishwa, asubuhi ile Port Blair isingekuwa na redio hizo wala mikono iliyozizoea. Kwa hiyo jambo la kujiuliza ni kwa nini serikali yoyote iache kitu kama hicho kitegemee bahati. Nadai kwamba redio ya ridhaa hufaa siku ya maafa kwa sababu siku nyingine zote ni mchezo, na anayeuzuia mchezo kwa hofu anauzuia na msaada.

Tuutazame mtambo wenyewe. Redio ya mawimbi mafupi ya wanaridhaa haizidi ukubwa wa redio ya kaseti ya zamani, na kwa kawaida hurusha wati 100, nguvu ya balbu moja ya kizamani. Hula volti 12, kwa hiyo betri ya gari inaitosha. Antena inaweza kuwa waya mtupu wa mita kumi hivi kwa masafa ya megahezi 14, au mita ishirini kwa masafa ya megahezi 7, uliokatwa katikati na kufungwa kati ya minazi miwili. Mawimbi hupanda hadi tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, yakarudi chini mamia au maelfu ya kilomita mbele. Katikati hapana mnara, hapana waya, hapana kampuni. Lakini asiyezoea akipewa mtambo huo huo hatasikia chochote ila mikwaruzo. Urefu wa waya hubadilika na masafa, na masafa yenyewe hubadilika na saa: yanayofika mbali mchana hufa usiku. Ukiutundika waya juu sana unaruka mji wa jirani na kuangukia nchi ya tatu. Ukiushusha, sauti hupanda karibu wima na kurudi kuuenea mkoa wako. Maarifa hayo huingia polepole, usiku baada ya usiku, kwa mtu aliyekaa peke yake akijaribu kumfikia mgeni wa mbali bila sababu nyingine ila kupenda. Hakuna semina ya siku tatu inayoyatoa.

Historia inalithibitisha hilo mara nyingi. Machi 1913 mafuriko yalipoizamisha Ohio na majimbo jirani ya Marekani, nguzo za simu zikaanguka, vituo vya vyuo vikuu vya Michigan na Ohio State pamoja na wanaridhaa majumbani ndio waliopokezana habari. Mwaka uliofuata wanaridhaa wa nchi hiyo wakaunda chama chao, na neno walilolitia katikati ya jina lake lilikuwa la kupokezana: mmoja hafiki mbali, lakini huukabidhi ujumbe kwa anayefika. Aprili 1917 Marekani ilipoingia vitani, serikali ikavifunga vituo vyote vya ridhaa. Ikafanya hivyo tena Desemba 1941. Safari hii ya pili majuto hayakuchelewa. Juni 1942, vita vikiwa bado vinachacha, serikali hiyo hiyo ikaanzisha huduma ya redio za dharura kwa ajili ya ulinzi wa raia, na waliotegemewa kuiendesha ni wanaridhaa walewale walionyamazishwa miezi michache kabla.

Atakayesema kwamba hayo ni ya kale, ya enzi kabla ya simu za mkononi na setilaiti, ana hoja nzito kuliko zote, na siipuuzi. Leo mvuvi wa Mafia hubeba mfukoni chombo chenye uwezo kuliko vyote vya 1913. Ila mitandao yetu ina udhaifu mmoja, kwamba sehemu zake zinategemeana: mnara unataka umeme, umeme unataka nguzo, na vyote vinapita kwenye nyaya chache. Maafa makubwa ndiyo ile siku ambayo miti yote huteleza. Kimbunga Maria kilipoipiga Puerto Rico Septemba 2017, zaidi ya asilimia 90 ya minara ya simu ilizimika, na Msalaba Mwekundu wa Marekani ukaomba wanaridhaa. 22 wakavuka bahari na redio zao kusaidia kupeleka majina ya walio salama. Kwetu, tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zilipokatika, Tanzania ilipoteza sehemu kubwa ya intaneti yake bila hata upepo kuvuma. Setilaiti zitapunguza shida hiyo, na ni vyema zipunguze. Simdai mwanaridhaa ashindane nazo. Ninachokihitaji kwake ni zile saa au siku za mwanzo, kabla mafundi hawajafika na kabla ndege haijapata pa kutua.

Wengine wanahofia uvumi: raia wenye vipaza sauti watatia watu kiwewe. Hofu hiyo inawafaa zaidi wanaosambaza sauti kwenye simu kuliko wanaridhaa, ambao wana adabu ya hewani iliyojengwa kwa karne nzima. Mmoja huongoza na wengine hunyamaza hadi waitwe. Ujumbe rasmi hupewa namba, kiwango cha uharaka, kituo ulikoanzia, saa, na idadi ya maneno. Anayepokea huandika, kisha huhesabu. Akiambiwa maneno ni 17 naye ameandika 16, hausogezi mbele. Huuliza hadi lile moja lipatikane, maana linaweza kuwa neno "si".

Hoja ya usalama nayo ina jibu la kiutaratibu. Mwanaridhaa hufanya mtihani, hupewa leseni, na kila anaposema hutaja jina lake la hewani, ambalo tarakimu na herufi zake za mwanzo hutangaza nchi yake: 5H Tanzania, 5Z Kenya, 5X Uganda. Ni vigumu kumfikiria jasusi anayejitaja kila dakika chache kwenye masafa ambayo dunia nzima inasikiliza. Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa 2003 ulizihimiza serikali ziwaruhusu wanaridhaa kujiandaa kwa maafa. Hapo neno la thamani ni kujiandaa.

Mawimbi yale ya 2004 yalifika hata huku. Yaliua mamia Somalia, yakachukua waogeleaji pwani ya Tanzania. Sitadai kwamba redio ya ridhaa ingewaokoa. Habari ilikuwa tayari kwenye televisheni, na Kenya iliweza kuwaondoa watu ufukweni. Lakini wanaridhaa wetu wenye leseni ni wachache mno kwa pwani ndefu kama hii. Kiswahili kimewapa jina linalowastahili, kwani ridhaa ni kukubali kwa moyo bila kusukumwa, ingawa viwanjani tumezoea kuliita ridhaa jambo lisilofika daraja la kulipwa. Klabu katika shule ya ufundi ya Tanga au Lindi, redio moja, waya, na ada ya leseni ambayo kijana anaimudu: gharama yake haifiki ya mnara mmoja.

India yenyewe ilibadilika. Aprili 2006 wanaridhaa, wakiwemo wa kigeni, walikaribishwa Port Blair kwenye mkutano wao na wakaruhusiwa kurusha kutoka visiwani. Januari 2007 vikafunguliwa visiwa vya Lakshadweep, upande wa pili wa nchi, ambako mawimbi yale hayakuleta maafa kama ya Andaman.