Chumvi ya Uvinza: Tarehe ya Nchi ya Pori Nyuma ya Ujiji

Nchi iliyoko mashariki na kusini-mashariki ya Ujiji, kuanzia pale michikichi ya mwambao wa Ziwa Tanganyika inapokwisha hadi kwenye mabwawa ya mto Malagarasi, ndiyo Uvinza. Haiwezi kuitwa jangwa kwa maana ya nchi ya mchanga na ukame wa mwaka mzima, kwa kuwa mvua hunyesha huko kuanzia Novemba hadi Aprili na mito yake hufurika. Hata hivyo ni pori, yaani nchi pana ya misitu ya miyombo ambamo vijiji viko mbalimbali na msafiri huweza kutembea kutwa nzima bila kukutana na shamba, na chini ya pori hilo kuna mali iliyovuta watu wa makabila mengi tangu zamani sana, nayo ni chumvi. Wanaosoma habari za Ujiji mara nyingi hukutana na pembe za ndovu, watumwa na wasafiri wa Kizungu, na kwa sababu hiyo hudhani kwamba biashara ya mwambao huu ilianza na misafara kutoka pwani, ilhali chumvi ya Uvinza iliitangulia misafara hiyo kwa zaidi ya miaka 1,000.

Umbo la nchi yenyewe lafaa kuelezwa kwanza. Malagarasi huanzia karibu na mpaka wa Burundi, huzunguka kwa upinde mkubwa, hupokea maji ya Moyowosi na Ugalla katika eneo la mabwawa na matete ambalo mwaka 2000 liliandikishwa kuwa ardhi oevu ya kwanza ya Tanzania katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, kisha hugeuka kuelekea magharibi, hupita katika nchi ya miamba na maporomoko, na kumwaga maji yake ziwani upande wa Ilagala, kusini mwa Ujiji. Wataalamu wa jiolojia na wa samaki wanauhesabu mto huu kuwa mkongwe kuliko bonde la ufa lenyewe, kwa kuwa baadhi ya samaki wake ni ndugu wa samaki wa mto Kongo, jambo linaloonyesha kwamba maji yake yaliwahi kuelekea huko kabla ziwa halijakaa katikati. Ruchugi ni kijito chake kitokacho katika vilima vya Uha, upande wa Kasulu, na ni karibu na makutano ya mito hii miwili, kiasi cha kilomita 100 kutoka Kigoma, ambapo chemchemi za maji ya chumvi hububujika.

Maji hayo hupanda kutoka katika miamba ya kale ya mchanga na udongo ulioganda, ambayo wanajiolojia huihesabu katika kundi liitwalo la Bukoba, na chumvi iliyomo ndani yake ni nyingi kuliko ile ya maji ya bahari mara kadhaa. Tofauti hiyo ndiyo iliyoifanya Uvinza kuwa Uvinza. Mahali pengi katika bara, watu walipata chumvi yao kwa kuchoma majani na nyasi za kandokando ya maji, kulichuja jivu na kulichemsha, kazi ndefu iletayo kitu kidogo chenye uchungu. Maji ya Uvinza, kwa upande mwingine, yakichemshwa hutoa chumvi nyeupe, safi na nyingi, ambayo mpishi wa Ujiji au wa Burundi angeitofautisha na ya majani kwa kuionja mara moja tu.

Ushahidi wa ukongwe wa kazi hii ulipatikana mwaka 1967, wakati mwanaakiolojia John Sutton na mwanahistoria Andrew Roberts walipochimba katika sehemu za Pwaga na Nyamsunga, na matokeo yao kuchapishwa mwaka uliofuata katika jarida la *Azania*. Walichokikuta ni matabaka ya majivu, udongo ulioungua, mashimo yaliyosiribwa kwa udongo wa mfinyanzi, na vigae kwa wingi usio wa kawaida, kwa sababu chungu cha kuchemshia chumvi hakidumu: chumvi hupenya katika kuta zake, moto huzipasua, na mwenye chungu hukitupa na kutwaa kingine. Tabaka za chini zilikuwa na vyungu vya namna ile iliyofinyangwa na wakulima na wahunzi wa mwanzo wa Zama za Chuma, na vipimo vya mkaa viliirudisha kazi hiyo hadi karne ya 5 au ya 6 baada ya Kristo. Mtindo wa vyungu ulibadilika katika karne zilizofuata, na huenda watu wenyewe walibadilika, lakini matumizi ya chemchemi yaliendelea.

Namna ya kazi inajulikana vizuri zaidi kwa karne ya 19, kutokana na maandishi ya wasafiri na kumbukumbu za wazee. Msimu ulikuwa wa kiangazi, kwa sababu mvua zikinyesha Ruchugi hufurika, maji matamu huingia katika visima na kuyazimua yale ya chumvi. Kiangazi kiliposhika, watu walifika kwa makundi kutoka Uha, Ujiji, Utongwe na Unyamwezi, wakajenga vibanda vya majani, wakakata kuni na kupanga vyungu juu ya mafiga. Maji yalitekwa kisimani na kumiminwa chunguni. Yalipopungua kwa moto yaliongezwa mengine, na kazi hiyo ya kuongeza na kuchochea ilirudiwa hadi chungu kikajaa chembe nyeupe zilizoloana, ambazo zilikaushwa, zikashindiliwa na kufungwa kwa majani na magome ya miti kuwa mzigo wa kubebwa begani au kichwani. Wakati wa mvua mahali hapo palibaki karibu patupu. Mji wa msimu namna hiyo, wenye maelfu ya watu katika Agosti na wachache katika Januari, ni jambo ambalo hesabu za kawaida za wakazi haziwezi kulionyesha, na ni kosa kusema kwamba Uvinza ilikuwa nchi tupu kwa sababu tu waliokuwa na nyumba za kudumu walikuwa wachache.

Chemchemi hizo zilikuwa chini ya watawala wa Kivinza, na mgeni hakuruhusiwa kuchemsha bila kutoa fungu lao katika chumvi aliyoipata. Mpango huu haukuwa wa upole mtupu, kwa kuwa mtawala aliyeshika visima alikuwa na nguvu kuliko eneo la mashamba yake lilivyostahili. Hata hivyo ulikuwa na sifa moja ambayo haikurudi tena baada ya ukoloni, nayo ni kwamba mtu yeyote mwenye chungu, kuni na nguvu za mikono, awe Mvinza au Muha, aliweza kuja, kulipa ada, na kuondoka na mali yake mwenyewe.

Chumvi iliyotoka huko ilienda pande zote: Unyamwezi na nchi za kusini, Uha na Burundi upande wa kaskazini, na kwa mitumbwi kutoka Ujiji hadi ng'ambo ya ziwa katika nchi ambayo leo ni Kongo. Katika soko la Ujiji, ambalo katika miaka ya 1870 lilikuwa na fedha yake ya shanga zilizoitwa sofi, chumvi iliuzwa pamoja na samaki, mawese, nafaka na mbuzi, na katika safari za bara mzigo wa chumvi wenyewe ulitumika kununulia chakula njiani.

Richard Burton na John Hanning Speke walipita Uvinza mwanzoni mwa mwaka 1858, siku chache kabla ya kuliona ziwa mwezi Februari. Henry Morton Stanley alipita mwaka 1871 akimtafuta David Livingstone, na Verney Lovett Cameron mwaka 1874. Maandishi yao hujaa malalamiko juu ya hongo, yaani ada ambayo msafara ulilipa ili upite katika nchi ya mtawala, na juu ya malipo ya kuvushwa Malagarasi, mto ambao mamba wake walimla punda mmoja wa Stanley. Yafaa yasomwe kwa tahadhari. Kwa msafiri mwenye haraka ada ilikuwa unyang'anyi, lakini kwa Wavinza, waliozoea kutoza kila aliyekuja kuchemsha, kumtoza na yule aliyepita na vitambaa vya kitajiri bila kuacha chochote lilikuwa jambo la kawaida. Ugomvi wa njia hiyo ulifika hadi vitani: mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mashuhuri kwa jina la Tippu Tip, anaeleza katika tawasifu yake ya Kiswahili mapigano yake na watu wa Uvinza alipokuwa akirudi pwani mwanzoni mwa miaka ya 1880.

Wajerumani walipoweka boma lao Ujiji mwaka 1896, chumvi ilikuwa miongoni mwa vitu vya mwanzo vilivyowavutia, kwa kuwa ilikuwa mali yenye soko lililokwisha kuwapo. Otto Schloifer, aliyeongoza kazi ya kuleta vipande vya meli ya *Hedwig von Wissmann* kwa njia ya Ziwa Nyasa hadi ikaelea Tanganyika mwaka 1900, alikuwa pia mwanzilishi wa Zentralafrikanische Seengesellschaft, maana yake Kampuni ya Maziwa ya Afrika ya Kati, ambayo mwanzoni mwa karne ya 20 ilipewa visima na kujenga kiwanda kilichoitwa Saline Gottorp. Majengo, matangi na masufuria makubwa ya chuma yalichukua nafasi ya mafiga. Badiliko kubwa zaidi, hata hivyo, lilikuwa la haki: kuchemsha kukawa kwa kampuni, na Muha aliyekuwa akija na chungu chake akawa anakuja kutafuta ujira. Katika tarehe yote ya nchi hii hakuna mkato ulio mkubwa kuliko huo, na kuondoka kwa Wajerumani hakukuurekebisha.

Reli ya Kati ilifika Kigoma Februari 1914 ikipita Uvinza penyewe. Kigoma, wala si Ujiji, ndiyo iliyopata bandari, kwa sababu baada ya maji ya ziwa kupata njia ya kutokea kwa mto Lukuga mwishoni mwa miaka ya 1870, kina kilishuka na ufuo wa Ujiji ukasogea mbali na mji. Wabelgiji waliiteka Kigoma Julai 1916 wakakaa hadi mwaka 1921, ndipo Waingereza wakaipokea. Kiwanda kikaingia mikononi mwa kampuni ya Nyanza Salt Mines, jina ambalo wazee wa Kigoma bado hulifupisha kuwa Nyanza tu. Kutaifishwa kulikofuata Azimio la Arusha na kubinafsishwa kwa miaka ya baadaye kulibadilisha wenye mali, lakini kwa muda mrefu kazi iliendelea kutegemea kuni za miyombo, na gharama yake kwa misitu ilikuwa kubwa, mpaka mabwawa ya kukaushia kwa jua yalipochukua sehemu ya kazi ya moto. Tangu katikati ya miaka ya 1990 chumvi hutakiwa kutiwa madini joto, yaani ayodini, ili kuzuia rovu.

Kuhusu uchache wa watu, sababu yake si moja, na si zote ni za maumbile. Mbung'o, nzi aenezaye malale, aliwazuia wafugaji kukaa katika miyombo, na katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza iliwakusanya watu waliotawanyika katika makazi maalumu ili kuupiga vita ugonjwa huo, hivyo mashamba mengi ya zamani yakarudi kuwa msitu. Operesheni Kigoma, iliyoanza mwaka 1972, ikawasogeza tena watu kwenye vijiji vya kando ya barabara na ziwa. Wilaya ya Uvinza, iliyokatwa kutoka wilaya ya zamani ya Kigoma na kuhesabiwa watu 383,640 katika sensa ya mwaka 2012, ina wakazi wake wengi kwenye mwambao, kwenye reli na upande wa Nguruka, huku sehemu ya kusini ikishikwa na milima ya Mahale, hifadhi ya taifa tangu 1985.

Kwa mkazi wa Kasingirima, katika Kigoma-Ujiji, anayepasua samaki aitwaye mgebuka na kumtia chumvi kabla ya kumwanika, Uvinza leo ni kituo cha treni na jina lililozoeleka sokoni. Hali hiyo itabadilika karibuni, kwani Januari 2025 Tanzania na Burundi zilitia saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Uvinza hadi Musongati, mahali penye nikeli, na makutano ya njia hizo yatakuwa katika nchi ileile ya visima. Machimbo ya mwaka 1967 yaligusa sehemu ndogo tu ya vigae na majivu ya Pwaga na Nyamsunga. Wenye mamlaka ya mambo ya kale, pamoja na halmashauri ya wilaya, wanapaswa kuyapima maeneo hayo na kuyawekea mipaka kabla matingatinga hayajaanza kuchimba kokoto na vifusi vya tuta la reli.