VVU, akili na sonona: kipimo kinapima nini?

Katika majarida ya tiba ya ubongo kuna dai linalozidi kupata nguvu, kwamba VVU huathiri uwezo wa kufikiri wa wanawake zaidi kuliko wa wanaume. Nguzo yake ni makundi mawili ya utafiti ya Marekani: MACS, lililoanza kufuatilia wanaume mwaka 1984, na WIHS la wanawake, lililofuata miaka ya 1990. Takwimu zao sizipingi. Ninachopinga ni pupa ya kulileta dai hilo kwenye kliniki zetu za huduma na matibabu ya VVU (CTC) kana kwamba jinsia peke yake inatosha kuieleza tofauti hiyo.

Kuhusu baiolojia hakuna ubishi mkubwa. Virusi hufika kwenye ubongo mapema, vikibebwa na chembe nyeupe za damu. Haviziingii neva zenyewe; hushambulia seli za kinga zilizo jirani, na sumu zinazotoka huko ndizo zinazozidhoofisha neva. Dawa za ARV zimepunguza sana upungufu mkubwa wa akili, lakini ule mwepesi bado upo.

Ubishi unaanzia kwenye kipimo. Kinachotumika sana Afrika ni IHDS, kipimo cha kimataifa cha upungufu wa akili unaotokana na VVU, kilichochapishwa mwaka 2005 baada ya kujaribiwa Baltimore na Kampala. Mgonjwa hugonganisha kidole gumba na cha shahada haraka awezavyo kwa sekunde 5. Kisha hupiga ngumi mezani, hulaza kiganja, husimamisha mkono kwa ubavu, na kurudia mfululizo huo kwa sekunde 10. Mwisho hukumbuka maneno manne aliyotajiwa mwanzoni. Alama kamili ni 12. Anayepata 10 au chini ya hapo hushukiwa. Kwa kuwa hakihitaji kalamu, kimesifiwa kuwa hakimwonei asiyesoma. Hata hivyo, kilipojaribiwa Kilimanjaro kwa wapokea huduma wenye umri wa miaka 50 na zaidi, hakikuwatenganisha vizuri wenye tatizo na wasio nalo. Kufuata maelekezo ya mgeni huku saa inahesabu ni mazoea ya darasani, na katika kizazi hicho wasichana wengi walinyimwa darasa.

Ushahidi ninaouthamini zaidi unatoka Dar es Salaam. Katikati ya miaka ya 1990, wajawazito wapatao elfu moja wenye VVU waliingizwa katika utafiti wa vitamini, wakafuatiliwa kwa miaka kadhaa, wakati ambapo ARV hazikuwa zikipatikana kwa wengi. Mwaka 2007 Gretchen Antelman, Sylvia Kaaya na wenzao walichapisha matokeo kuhusu hali zao za kihisia. Zaidi ya nusu ya wanawake hao walipata dalili za sonona angalau mara moja, na waliokuwa nazo walikabiliwa na hatari ya kufa zaidi ya mara mbili ya wenzao. Mtu atasema kwamba anayekaribia kufa lazima ahuzunike. Ni kweli, ila hoja hiyo haitoshi kuipuuza sonona, kwa sababu sonona huchelewesha mwili na kutawanya kumbukumbu. Mama mwenye sonona atagonganisha vidole polepole na kusahau maneno, naye ataandikwa kuwa ubongo wake umeathiriwa na VVU. Kisha kuna efavirenz, ARV iliyotumika miaka mingi kabla ya dolutegravir, na iliyofahamika kwa ndoto za kutisha na kizunguzungu. Ni kliniki ngapi zilizokuwa zikitenganisha athari ya dawa na athari ya virusi?

Na wanaume je? Utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta maambukizi ya asilimia 6.2 kwa wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49, na 3.1 kwa wanaume. Mwanamke hupimwa kliniki ya wajawazito. Mwanaume mara nyingi huja kinga ikiwa imeshaporomoka. Utafiti wa CHARTER wa Marekani ulionyesha kwamba idadi ya seli za kinga za CD4 iliyowahi kushuka sana huendana na matatizo ya kufikiri baadaye. Kwa mantiki hiyo, wanaume walioumia zaidi ndio wasiofika kwenye kipimo, ama wamefariki, ama wako nyumbani na pombe yao. Kulinganisha jinsia mbili ndani ya CTC ni kulinganisha wanawake waliowahi na wanaume waliosalimika.

Kwa hiyo maswali ya sonona yatangulie IHDS, kwa kila anayeingia CTC, na anayeonyesha dalili atibiwe kwanza ndipo apimwe akili. Naamini sehemu kubwa ya pengo kati ya wanawake na wanaume itatoweka.