Habari za Nyumbani, Mdomoni mwa Jeshi

Wandugu, habari ya Operesheni Shujaa wengi wetu tuliipata kwenye simu, hapa Bwera. Ilikuwa tarehe 30 Novemba 2021. Msemaji wa jeshi la Uganda, UPDF, aliandika Twitter kwamba ndege na mizinga imepiga kambi za ADF ndani ya Kongo, kwa kushirikiana na jeshi la Kongo. Kinshasa ikathibitisha siku hiyo hiyo. Mashamba ya kakao ni yetu, mashangazi zetu wako kule, ila habari tuliletewa na jeshi la nchi ya jirani. Hatusemi lilidanganya. Tunasema tu kwamba jambo hili si geni.

Tarehe 2 Agosti 1998, uasi dhidi ya Laurent-Désiré Kabila ulitangazwa kwenye redio ya Goma. Ndivyo ilivyo, mji ukitekwa redio nayo inatekwa. Nyuma ya waasi wa RCD lilikuwepo jeshi la Rwanda, lakini Kigali ilikana mpaka Novemba mwaka ule. Kule Bukavu kulikuwa na redio ya raia, Redio Maendeleo. RCD waliifunga Julai 1999, wakachukua na vyombo vyake. Ilirudi hewani 2001.

Upande wetu wa Beni, Butembo na Bunia waliingia Uganda. Sababu waliyoitoa ilikuwa ADF, na kwa mtu wa Kasese sababu hiyo haikuhitaji kuelezwa. ADF walitokea Kongo wakashambulia Mpondwe tarehe 13 Novemba 1996. Juni 1998 wakachoma wanafunzi wa chuo cha Kichwamba, karibu na Fort Portal. Jeshi likisema linawafuata mpaka ng'ambo, nani angebisha? Hata sisi tungepiga makofi.

Lakini Juni 2000 UPDF na jeshi la Rwanda walipigana wao kwa wao Kisangani, siku sita, mamia ya raia wakafa. Sasa Kisangani na Rwenzori wapi na wapi? ADF gani walikuwa kule? Mwaka 2001 wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaandika kuhusu dhahabu, mbao na kahawa iliyokuwa inatoka Kongo mikononi mwa wanajeshi. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, ikasema Uganda ilikuwa imeikalia Ituri kwa nguvu, na 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325. Kwa hiyo ile sababu ya ADF ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa nusu. Ile nusu nyingine watu wa Beni na Bunia waliijua tangu zamani, shida ni kwamba maikrofoni haikuwa yao.

Redio Okapi ilipoanza tarehe 25 Februari 2002, wazazi wetu waliona kama dirisha limefunguliwa. Lugha tano, Kiswahili kikiwemo, na habari za pande zote za vita. Wanahabari wake wawili, Serge Maheshe na Didace Namujimbo, waliuawa kwa risasi Bukavu, mmoja 2007, mwingine 2008. Tunawaheshimu. Hata hivyo tukumbuke, Okapi nayo ilianzishwa na MONUC, ujumbe wenye askari wa kofia za bluu, pamoja na shirika la Hirondelle la Uswisi. Siku askari hao wanapolaumiwa kwamba hawakulinda raia, hata msikilizaji wa Okapi anatega sikio kwa namna nyingine.

Tunaandika haya juu kila mara tunasikia kwamba eneo fulani "limesafishwa", na hapo ndipo familia zinaanza kubishana nyumbani: turudi au tubaki? Mama mmoja tunayemfahamu alichoka na ubishi huo. Hakungoja msemaji wa jeshi lolote. Alimtuma kijana wa boda avuke Mpondwe, aende Kasindi, akaulize wenye kutoka kijijini kwake kama soko limefunguliwa. Kijana alirudi jioni na jibu: soko linafanya kazi, watu wanauza mpaka saa tisa, lakini hakuna anayelala pale. Mama akafungua tena mizigo.