Kusimika na Kufungulia: Maneno Mawili katika Historia ya Kompyuta Nchini

Makusudi ya makala hii ni kuchungua vitenzi viwili vya kazi moja, yaani kuitoa programu ya tovuti mikononi mwa mafundi na kuiweka katika seva inayohudumia watu. Wengi husema kusimika. Mimi nashauri kufungulia. Tofauti hii si ya mapambo, kwani kila neno lina fundisho lake juu ya hatari.

Kusimika, kwa asili, ni kusimamisha kitu wima: nguzo, mlingoti, hata mtawala katika kiti chake. Kilichosimikwa hakitazamiwi kurudi, kisipofaa hung'olewa. Kwa mtambo wenyewe neno hili lafaa. Kompyuta ya kwanza nchini ilisimikwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Lakini kuweka mtambo ni jambo moja, na kuhamishia kazi ya watu ndani yake ni jambo jingine. Hesabu za Serikali zilipohamishiwa katika kompyuta zilivurugika, wataalamu wenyeji wakiwa wachache mno. Na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Ndiyo tabia ya kitu cha kusimikwa: kikishindwa, dawa inayoonekana ni kukikataa chote.

Sasa tuitazame mitelemko ya Mlima Meru, ambako Wameru na Waarusha wamechimba mifereji ya kunyweshea mashamba. Maji yote yakiachwa kwa mara moja katika mfereji mpya, kingo humomonyoka na shamba la jirani huharibika. Yafaa yafunguliwe kidogo penye banio, kingo zitazamwe, kisha yaongezwe. Pakitokea ufa, banio hufungwa na maji hurudi njia yake ya zamani. Na kitenzi chenyewe chakumbusha hayo: katika kufungulia umo mzizi wa kufunga, pamoja na kiambishi cha kutendua. Asemaye nimefungulia amekiri kwamba aweza kufunga.

Hivyo ndivyo programu itakiwavyo kutolewa. Kwanza hujaribiwa katika seva ya pembeni iliyo sawa na ile ya kazi. Kisha hufunguliwa kwa watumiaji wachache. Toleo la zamani huhifadhiwa tayari. Na kumbukumbu hunakiliwa kabla hazijaguswa, kwa maana data iliyobadilishwa hairudi kwa urahisi kama programu. Tena seva zote hukaguliwa. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilianza kazi na programu mpya katika seva saba, ya nane ikiwa imesahauliwa. Amri za zamani zilizobaki humo ziliamka, na kwa muda wa dakika 45 hivi kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 440.

Yawezekana mtu akapinga kwamba kusimika kumekwisha zoeleka. Ni kweli, na kubaki kwa ajili ya mitambo. Kwa kazi hii nyingine, yafaa wenzetu wanaofundisha elimu ya kompyuta katika Taasisi ya Nelson Mandela, huko Tengeru chini ya mlima huo huo, walijaribu neno la pili darasani, kisha watuambie kama wanafunzi wao wanakumbuka zaidi kuandaa njia ya kurudi.