Sindano ya Kukonda na Sinia la Nyumbani: Matarajio na Mazoea katika Mji wa Kale wa Mombasa

Jina la Ozempic limezoeleka Mji wa Kale kabla ya watu kuielewa dawa yenyewe. Kuanzia Kibokoni hadi Kuze hutajwa kwenye matayarisho ya harusi, kwenye vikundi vya WhatsApp na mbele ya kaunta za maduka ya dawa, na aghalabu swali ni lile lile: mtu hupungua kilo ngapi, na kwa muda gani? Swali hilo ni la haki, kwa kuwa sindano hizi ni ghali na anayelipa anastahili kujua anachokinunua. Lakini halitoshi. Hoja yangu ni kwamba katika mji ambao watu hula pamoja, mafanikio ya dawa ya kupunguza uzito yanategemea nyumba nzima. Tabibu anayemwandikia mgonjwa dawa hii bila kuuliza nani anapika na hupikwa nini, ametoa nusu ya tiba tu.

Semaglutide, inayouzwa kwa jina la Ozempic kwa wenye kisukari na Wegovy kwa wenye unene, huiga homoni ya utumbo iitwayo GLP-1: huupa ubongo ishara ya shibe na kuchelewesha chakula kutoka tumboni. Jaribio la STEP 1, lililochapishwa mwaka 2021, lilihusisha watu wazima 1,961 kwa wiki 68. Waliochomwa dawa walipungua kwa wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao. Waliochomwa sindano isiyo na dawa, asilimia 2.4. Kisichotajwa sana ni kwamba makundi yote mawili yalipewa ushauri wa lishe na kuhimizwa kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Matokeo yale, basi, ni ya dawa na mazoea kwa pamoja.

Mama mwenye kilo 90 akipata wastani huo, atakuwa na kilo 76 au 77 baada ya mwaka na zaidi. Wapo watakaopungua kuliko hivyo, na wapo ambao mizani haitasogea sana. Tena dozi hupandishwa polepole ili tumbo lizoee: huanza na miligramu 0.25 kwa wiki, huongezwa kila baada ya wiki nne, na dozi kamili ya miligramu 2.4 hufikiwa baada ya wiki 16. Anayeanza sindano wiki nane kabla ya harusi ya mwanawe, siku ya kupamba itamkuta hajafika hata robo ya dozi hiyo. Akiharakisha kwa kujipandishia mwenyewe, atakachovuna ni kichefuchefu, kutapika na kuishiwa maji mwilini.

Kipimo cha haki ni afya. Utafiti wa Marekani wa kuzuia kisukari, uliotoa matokeo yake mwaka 2002, ulionyesha kwamba watu walio hatarini waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, bila sindano yoyote. Jaribio la SELECT la mwaka 2023 lilifuatilia watu zaidi ya 17,000 wenye uzito mkubwa na maradhi ya moyo na mishipa. Semaglutide ilipunguza mashambulizi ya moyo, kiharusi na vifo vya moyo, vikihesabiwa kwa pamoja, kwa asilimia 20, ingawa wastani wa kupungua uzito haukufika asilimia 10. Kwa hiyo mgonjwa wa Ndia Kuu ambaye presha yake imetulia, sukari imeshuka, na anazipanda ngazi zile za mbao zilizosimama wima hadi ghorofa ya juu bila kupumzika katikati, amefanikiwa, hata kama buibui lake bado ni la saizi ile ile.

Wako wanaosema kwamba mwenye nidhamu hahitaji dawa. Nakataa. Mwili uliopungua huongeza njaa na kupunguza matumizi ya nishati ili uurudie uzito wake wa zamani. Hilo si la tabia wala la imani. Utafiti wa Demografia na Afya wa Kenya wa mwaka 2022 ulikuta takribani asilimia 45 ya wanawake wana uzito uliozidi au unene, ilhali wanaume hawafiki robo. Kuwaambia wanawake wote hao kwamba wamekosa nidhamu ni kuwadhulumu, na aibu hiyo ndiyo inayowafanya wengine wajichome kwa siri, mume na mama mkwe wasijue.

Siri hiyo ndiyo inayoharibu tiba. Tazama chakula cha mchana cha Ijumaa: sinia moja, wali wa nazi au pilau katikati, nyama juu, kachumbari pembeni, watu wanne au watano wamelizunguka. Hapo hakuna sahani ya mtu wala kipimo cha mtu, na mwenye nyumba husukuma minofu upande wa mgeni kwa mkono wake mwenyewe. Anayetumia sindano akiacha baada ya matonge machache, ataulizwa, "Mbona huli, mwanangu? Chakula hakikukupendeza?" Kwa heshima atajilazimisha, na tumbo lililopunguzwa kasi halitaki kulazimishwa. Atatapika, ataichukia dawa, ataiacha. Laiti shangazi angejua, angempakulia kidogo kwenye kisahani na mambo yakaisha.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Sehemu ya uzito unaopotea ni misuli. Katika baadhi ya washiriki wa STEP 1 waliopimwa miili kwa mashine, tishu zisizo mafuta, misuli ikiwemo, zilikuwa zaidi ya theluthi moja ya uzito uliopotea. Mtu mwenye hamu ndogo akiimaliza kwa chai ya maziwa na mahamri mawili, amejaza tumbo kwa unga, sukari na mafuta, na misuli yake imekosa cha kuijenga. Pwani hatuna haja ya unga wa protini wa kopo. Mbaazi zimo mezani tayari. Zitangulie, na hamri liwe moja. Samaki wa soko lililo karibu na bandari ya kale achomwe au apikwe mchuzi mwepesi, aliwe kwanza, wali ufuate. Viazi karai na bhajia za jioni zibaki kuwa chakula cha siku maalumu. Mabadiliko haya hayamgharimu mpishi fedha, lakini yanahitaji akubali, na yanawafaa pia baba mwenye presha na mtoto anayeanza kunenepa.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji mpango wake. Kaimati, tambi na vya kukaanga vikiingia kwa pamoja magharibi, kwenye tumbo linalotoa chakula taratibu, usiku huwa mrefu. Maji yanywewe kidogo kidogo tangu futari hadi daku, maana kutapika au kuharisha huku umefunga huweza kudhuru figo. Anayetumia pia insulini au vidonge vya kisukari vinavyoshusha sukari amwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwandamo, dozi zirekebishwe.

Dawa ikikatika, uzito hurudi. Washiriki wa STEP 1 waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha sindano na ushauri walikuwa wamerudisha takribani theluthi mbili ya kilo walizopoteza. Watafiti wa Denmark walifuatilia watu waliotumia liraglutide, dawa ya jamii hiyo hiyo, na wakakuta kwamba mwaka mmoja baada ya kuacha, waliokuwa wamefanya pia mazoezi ya kusimamiwa walishikilia uzito wao vizuri kuliko waliotegemea sindano peke yake. Huu ndio ushahidi unaonishawishi zaidi. Fedha huisha, dawa huadimika, mimba huja (na semaglutide inapaswa kuachwa miezi miwili kabla ya kushika mimba). Kinachobaki ni mwendo wa baada ya alfajiri kupitia Fort Jesus hadi ufukwe wa Mama Ngina, jua likiwa bado dogo, na misuli iliyozoea kupanda ngazi na kubeba.

Juu ya dawa yenyewe nitasema machache. Kalamu ya sindano ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na hata ikiwa nje haitakiwi kupita nyuzi 30 kwa muda ulioandikwa kwenye karatasi yake. Machi ya Mombasa hupita hapo mchana, na umeme hukatika. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizokutwa Brazili, Uingereza na Marekani. Ikiwa nchi hizo zilipenyezewa, kalamu inayouzwa kwa ujumbe wa simu bila cheti cha daktari isinunuliwe. Mwenye historia ya kongosho kuvimba amweleze daktari mapema. Ambaye yeye au jamaa yake wa damu aliugua saratani ya medula ya tezi asiitumie kabisa.

Hataza ya semaglutide nchini India ilipangwa kufikia ukomo Machi 2026, na viwanda vya huko vilijiandaa kuitengeneza kwa bei nafuu. Dawa nyingi zinazotumika Kenya hutoka India, kwa hiyo sindano iliyo ya wachache leo itawafikia wengi. Kliniki za kisiwani zisingoje wakati huo. Ziandike tangu siku ya kwanza lengo la afya, kiwango cha dozi kwa kila mwezi na mpango wa siku ya kuacha. Zipime presha, sukari na nguvu za misuli pamoja na kilo. Na kwenye miadi ya kwanza, mgonjwa akiridhia, aombwe aje na yule anayempikia.