Sekunde 30 za Nyiragongo: Picha ya Usiku kama Ushahidi wa Historia

Husemwa kwamba picha haidanganyi. Katika insha hii ninadai kuwa kabla ya kuitumia picha kama ushahidi, yatupasa kuuliza kamera ilipokea mwanga kwa muda gani.

Mwaka 1838, Louis Daguerre alipiga picha ya Boulevard du Temple, barabara yenye shughuli nyingi mjini Paris. Bamba lake lilihitaji dakika kadhaa za mwanga, hivyo waliokuwa wakipita hawakuacha alama. Aliyeonekana wazi ni mtu aliyesimama kung'arishiwa viatu.

Mwaka 1969, Willard Boyle na George Smith wa Bell Labs, Marekani, walibuni CCD, kifaa kilichofungua njia ya kamera za dijitali. Pikseli za kihisi hugeuza mwanga kuwa chaji ya umeme na kuilimbikiza, kama ndoo zinavyokinga mvua. Kwa hiyo mwanga hafifu ukikingwa kwa muda mrefu huonekana mkali. Joto la kihisi nalo huzalisha chaji. Ndiyo maana kamera nyingi hupiga picha ya pili gizani, kwa muda uleule, ili kuondoa madoa yasiyotoka nje.

Mwaka 2020, nyumbani kwetu Cyanzarwe, niliupiga picha mlima Nyiragongo kwa kamera ya kuazima, sekunde 30. Kwa macho, ziwa la lava lilitia wekundu kidogo tu mawinguni. Katika picha, anga lote liliwaka. Mlima ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, jamaa zangu waliisambaza kama picha ya usiku ule. Nilinyamaza, kwa kuwa nilisifiwa.

Shangazi yangu, aliyevuka mpaka kutoka Goma usiku huo akiwa na watoto, aliitazama akauliza, "Mwanangu, sisi tuko wapi humu?"

Nilikosa jibu. Hata kama ningeipiga usiku ule, sekunde 30 zingewafuta waliokuwa wakitembea gizani, kama ilivyokuwa Paris.

Faili la picha huhifadhi tarehe na muda wa mwanga. Sasa nimeyaandika yote mawili chini ya picha hiyo, nikawatumia jamaa wote. Habari za usiku wa mlipuko ninaziandika upya, kwa kumsikiliza shangazi.