Kutoka Cheo hadi Programu: Norman Gysbers na Historia ya Unasihi Shuleni nchini Marekani

Historia ya unasihi shuleni aghalabu husimuliwa kama historia ya huruma: mtoto ana dhiki, mwalimu mwenye moyo anamsikiliza. Makala haya yanaonyesha kuwa nchini Marekani huruma pekee haikutosha. Kwa kuifuatilia kazi ya Norman C. Gysbers, aliyewafunza wanasihi katika Chuo Kikuu cha Missouri kuanzia mwaka 1963, yanadai kuwa huduma kwa nafsi ya mwanafunzi ilipata mizizi pale kazi ya mnasihi ilipobainishwa, ikatengewa muda na kupimwa.

Chimbuko la unasihi huo halikuwa afya ya akili. Mwaka 1908, Frank Parsons alifungua ofisi mjini Boston ya kuwaelekeza vijana katika kuchagua kazi. Nusu karne baadaye, Wasovieti walipokwisha kurusha Sputnik, Marekani ilipitisha Sheria ya Elimu kwa Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1958. Sheria hiyo ilitoa fedha za kuwafunza wanasihi ili wawatambue wanafunzi wenye vipaji, hasa vya sayansi na hisabati. Idadi ya wanasihi ikaongezeka, lakini kilichoongezeka kilikuwa cheo. Mwenye cheo hicho alirundikiwa majukumu yasiyo na mipaka: kupanga ratiba, kusimamia mitihani, kutunza majalada. Mwanafunzi aliyefiwa au aliyekata tamaa alihudumiwa kwa muda uliosalia, iwapo ulisalia.

Gysbers, aliyekuwa amefundisha shuleni kabla ya kupata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Michigan, aliukabili udhaifu huo. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Missouri kilipata fedha za serikali kuu kwa ajili ya kuyasaidia majimbo kuandaa miongozo ya unasihi. Katika kazi hiyo na iliyofuata, ikiwemo kitabu alichokiandika na Patricia Henderson mwaka 1988, unasihi ulipangwa kama programu yenye sehemu nne: mtaala wa unasihi kwa wanafunzi wote, upangaji wa malengo ya kila mwanafunzi, huduma za kuitikia matatizo yanapozuka, na usaidizi kwa mfumo wa shule. Kila sehemu ilitengewa fungu la muda wa mnasihi. Aidha, kazi zisizo za unasihi zilipaswa kuondolewa mikononi mwake, kwa kuwa programu mpya ikirundikwa juu ya kazi za zamani haitekelezeki.

Hoja hiyo ilipimwa. Mwaka 1997, Gysbers na wenzake walichapisha utafiti uliohusu wanafunzi 22,964 wa shule 236 za sekondari jimboni Missouri. Pale programu ilipotekelezwa kwa ukamilifu zaidi, wanafunzi waliripoti alama za juu zaidi na mazingira bora zaidi ya shule. Utafiti wa namna hiyo huonyesha uhusiano na hauthibitishi kuwa programu pekee ndiyo iliyoleta tofauti. Hata hivyo, ulihamisha mjadala kutoka nia njema hadi ushahidi. Mwaka 2003, chama cha wanasihi wa shule cha Marekani kilipotoa mwongozo wake wa kitaifa, mchango wa Gysbers ulikuwa miongoni mwa misingi yake.

Historia hii inaihusu pia Afrika Mashariki. Mwaka huohuo wa 1971, Wizara ya Elimu ya Kenya ilianzisha kitengo cha ushauri na unasihi. Lakini katika shule nyingi za kanda hii, mnasihi angali mwalimu mwenye vipindi kamili, na unasihi ni nyongeza. Lugha yenyewe yaweza kuuficha upungufu huo. Nasaha, kwa Kiswahili, ni maneno ya busara ambayo mtu mzima yeyote aweza kuyatoa. Neno hilo halidai ratiba, chumba cha faragha wala bajeti. Hivyo ni rahisi kwa sera kutamka kuwa kila shule iwe na mnasihi, na jambo likaishia kwenye uteuzi.

Inahitimishwa kuwa kuhesabu walimu walioteuliwa si kipimo tosha cha sera. Swali linalostahili kutangulia ni hili: mwalimu huyo amepunguziwa vipindi vingapi, na ni kazi zipi zimeondolewa mikononi mwake ili mtoto mwenye dhiki amkute akiwa na nafasi?